Hajiri, Inuka Ukamshike Kijana Mkono

Somo kuu: Mwanzo 21:9–21
Soma pia: Kumbukumbu la Torati 21:18–21; Luka 15:11–24; Waefeso 6:4



Ujumbe wa wiki hii ni wa mzazi ambaye kijana wake amemshinda. Kama watoto wako bado wadogo, uweke karatasi hii kwenye Biblia, siku yako itafika. Kama wamekua wakatoka salama, uwaombee wenzako wala usiwacheke. Lakini kama uko na kijana ambaye haji nyumbani kwa wakati, anavuta bangi na wenzake nyuma ya soko, ametumwa nyumbani na mwalimu mkuu mara ya tatu, ameiba pesa za majani chai ukazitafuta mpaka ukalia, basi sikiza. Leo Neno ni lako.

Nimeamua kulihubiri sasa kwa sababu likizo ya Agosti inakaribia, na kila likizo wazazi hunijia na ombi moja. "Pasta, kuna mahali nimesikia. Wanawachukua vijana wanawapeleka msituni, wanawanyima simu, wanawatembeza, wanawafungisha, wanarudi wamenyooka. Tumpeleke?" Wengine wamesikia kwa majirani, wengine kwa ndugu walio ng'ambo. Jibu langu liko kwenye somo letu, kwa hivyo fungua Biblia tusome pamoja.

KIJANA ALIYEPELEKWA JANGWANI

Sisi hufikiri Ishmaeli alikuwa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Hebu tufanye hesabu. Mwanzo 16:16 inasema Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa. Mwanzo 21:5 inasema alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Na siku Ishmaeli anafukuzwa, Isaka alikuwa ameshaachishwa kunyonya. Kwa hiyo Ishmaeli alikuwa amepita miaka 14, pengine amefika 16. Huyo ni kijana wa sekondari, mpendwa. Na kosa lake lilikuwa kosa la umri wake: alidhihaki. Alicheka mahali pasipochekwa, katika karamu ya watu wazima, na nyumba ikasema huyu aondoke.

Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akawaaga. Kiriba kimoja, jangwa zima la Beer-sheba. Maji yakaisha. Hajiri akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali, kama umbali wa mshale unapofika ukitupwa. Kwa nini akae mbali? Kwa sababu hakutaka kuona mtoto akifa.

Shika hapo. Mama huyu hakumchukia mtoto wake. Alichoka. Aliishiwa na maji, akaishiwa na akili, akatafuta mahali pa kukaa ambapo macho yake hayataona. Wazazi wengi wanaotafuta kambi za mbali wako hapo alipokaa Hajiri. Wanalipa pesa, wanarudi nyumbani, wanakaa umbali wa mshale na kusubiri waambiwe kijana amebadilika. Siwahukumu. Lakini lazima niwaambie kinachotokea pale kichakani wakati mzazi hatazami.

MAMBO YALIYOANDIKWA TUKAYAJUA

Nchini Marekani jambo hili liligeuka biashara miaka mingi iliyopita. Wazazi waliochoka walilipa pesa nyingi watoto wapelekwe jangwani na milimani, watembee wiki nyingi, walale nje, wale kidogo, mpaka ukaidi uwatoke. Wengine waliamshwa usiku kitandani na watu wa kukodishwa, wakaingizwa garini huku mzazi amesimama mlangoni.

Mwaka 1990, katika jimbo la Utah, msichana wa miaka 16 alianguka akafa kwa joto akiwa kwenye matembezi ya namna hiyo, siku chache tu baada ya kufika. Mwaka 1994, katika jimbo hilo hilo, mvulana wa miaka 16 alikufa baada ya wiki kadhaa za kutembea akiwa amekonda sana. Alikuwa na kidonda tumboni kilichopasuka. Alilalamika maumivu, na waliokuwa wanamchunga wakasema anajifanya. Mwaka 2007 wakaguzi wa serikali kuu ya Marekani walichunguza vifo 10 vya vijana katika programu kama hizi, wakakuta wahudumu wasiofunzwa, chakula haba, na watoto wagonjwa ambao hakuna aliyewaamini.

Usiseme hayo ni ya zamani. Februari 2024, katika jimbo la North Carolina, mvulana wa miaka 12 alipelekwa kwenye kambi ya porini. Hakumaliza hata siku moja. Usiku wa kwanza alilazwa ndani ya kihema kidogo kilichofungwa na kuwekewa kengele ya kulia akijaribu kutoka. Asubuhi walimkuta amekufa, na madaktari wakasema alikosa hewa. Mwezi wa Mei mwaka huo jimbo likaifutia kambi hiyo leseni. Desemba 2024 Marekani ikapitisha sheria ya taifa kuhusu dhuluma wanazofanyiwa watoto katika taasisi kama hizi, baada ya watu waliopitia huko wakiwa vijana kusimama miaka mingi wakishuhudia. Mmoja wao ni Paris Hilton, mtu maarufu, tajiri wa kuzaliwa. Pesa za wazazi hazikumkinga.

Na wewe usiseme hayo ni ya Wazungu. Septemba 2019, mjini Kaduna, Nigeria, polisi waliingia nyumba moja wakatoa wanaume na wavulana zaidi ya 300, wengine wamefungwa minyororo. Wengi walikuwa wamepelekwa na familia zao, kwa kuambiwa watafundishwa dini na adabu. Somalia, na hata hapa Nairobi, kumekuwa na vituo vinavyopokea vijana wa Kisomali waliolelewa Ulaya na Marekani ili warudishiwe utamaduni. Waliotoka wameeleza kwamba waliambiwa wanakwenda likizo, wakafika pasipoti zikachukuliwa, kisha viboko na kufungwa. Na sisi Abagusii tunajua habari hii inatugusa, kwa maana ndugu zetu wengi wako ng'ambo, hasa Minnesota, na kijana akikorofisha huko neno la kwanza ni, "Tutakurudisha Kisii unyooshwe." Akija, je, anakuja kwa magokoro wake anayempenda, ama anakuja kwa mtu asiyemjua?

Sasa wacha nifike nyumbani kabisa, nyumbani mwa imani. Aprili 2023 tulisikia jina Shakahola. Msitu ule ulioko Kilifi ulifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Walipelekwa na wazazi wao wenyewe. Waliambiwa shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, wafunge wakamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, akakana mashtaka, na hayo tunaiachia mahakama. Lakini sisi tuliookoka tusijifiche. Watu wale waliimba nyimbo kama zetu na kushika Biblia kama hii. Walienda mahali ambapo jirani hawezi kusikia mtoto akilia.

HATARI IKO WAPI HASA?

Mtu ataniuliza, "Pasta, si Musa alikuwa jangwani? Si Eliya? Si Bwana Yesu mwenyewe siku arobaini?" Ndiyo. Sina vita na msitu. Mungu ameumba milima ya Manga na mito yetu, na kijana akitembea huko na baba yake ni baraka. Lakini Yesu alikuwa mtu mzima wa miaka kama 30. Aliongozwa na Roho, hakubebwa usiku na watu wa kukodishwa. Na malaika walimhudumia. Ukitaka kulinganisha kambi na jangwa la Yesu, nionyeshe malaika wako wapi.

Hatari ya kwanza ni kwamba hakuna anayeona. Mahali ambapo mzazi hawezi kufika bila kutangaza, ambapo barua zinasomwa na simu zimekatazwa, mtu mbaya anapata nafasi, na hata mtu mwema akichoka anakuwa mbaya. Kumbuka Yusufu. Alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomtupa shimoni huko nyikani. Wao walikula chakula. Baba yake aliletewa kanzu yenye damu na maelezo, akayaamini, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Hatari ya pili ni kwamba hakuna anayeamini. Kijana aliyepelekwa kwa sababu ni mwongo, hata akisema kweli ataambiwa anadanganya. Akisema tumbo linauma, anajifanya. Akisema amepigwa, anataka kutoroka. Yule mvulana wa Utah alikufa kwa neno hilo: anajifanya.

Hatari ya tatu ni kwamba adhabu inamwangukia mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18. Kile unachoita ukaidi huenda ni huzuni nzito, ama ugonjwa wa akili unaanza, ama ni bangi imemvuruga kichwa. Mwingine ana kifafa na ameachishwa dawa kwa sababu "tunaomba". Mgonjwa hatembezwi njaa mlimani akapona. Na sisi watu wa maombi tuseme ukweli: mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi kama 60, na Kenya imo, na sehemu za maombi zimo. Jina la Yesu linafungua minyororo. Tukifunga mtu mnyororo kwa jina hilo tunalitumia kinyume.

Hatari ya nne haionekani mara moja. Kijana anarudi kimya. Anaamka mapema, anasema "ndiyo mama," mzazi anatoa ushuhuda kanisani. Lakini ndani amejifunza jambo moja, kwamba nyumbani ndipo mtu anaweza kuuzwa. Hatakuambia tena shida yake. Siku atakapokuwa katika hatari ya kweli, wewe utakuwa mtu wa mwisho kujua.

SISEMI TUWAACHE

Msije mkatoka hapa mkasema pasta amekataza nidhamu. Eli hakuwazuia wanawe Hofni na Finehasi, na Mungu akaihukumu nyumba yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana apewe kazi, apewe mipaka, akiiba arudishe, akivunja atengeneze. Afike shambani achume majani chai mpaka deni liishe. Hiyo si dhuluma, mradi shule asikose na nguvu zake zisivunjwe.

Lakini angalia Kumbukumbu la Torati 21, ile sheria kali ya mwana mkaidi. Tuko chini ya neema sasa, na Kristo alikufa kwa ajili ya wana wakaidi, mimi na wewe tukiwa wa kwanza. Ila soma jinsi ilivyowekwa. Baba na mama wote wawili waje. Wamlete mtoto kwa wazee. Wamlete langoni mwa mji, mahali watu wote wanapita. Hata sheria ile, kwa ukali wake wote, haikumruhusu baba kumchukua mwanawe porini kimya kimya. Jambo la mtoto liliamuliwa mbele ya macho ya watu.

Na wazee wetu walijua. Mvulana wa Gusii alipotahiriwa alitengwa wiki kadhaa, akafundishwa chinsoni, akafundishwa kuheshimu. Lakini kibanda kilikuwa bomani. Aliyemtunza alikuwa mtu wa ukoo, anajulikana kwa jina na kwa baba yake. Chakula kilitoka jikoni kwa mama. Akiugua, nyumba ilijua usiku huo huo. Sisemi mila yote ilikuwa njema, tunajua wasichana wetu walivyoumizwa na bado wengine wanaumizwa. Nasema tu kwamba kutengwa kule kulikuwa mahali mama anaweza kusikia sauti.

MUNGU ALIFANYA NINI?

Turudi kwa Hajiri. Mama ndiye aliyepaza sauti akalia, lakini ukisoma vizuri mstari wa 17, Mungu alisikia sauti ya kijana. Hatuambiwi kijana alisema nini. Pengine alikuwa hana nguvu ya kusema. Jina lake Ishmaeli maana yake Mungu husikia, na Mungu akawa sawasawa na jina hilo. Alimsikia pale pale alipokuwa, akiwa na makosa yake.

Kisha Mungu akampa mama kazi tatu. Inuka. Mwinue kijana. Mshike kwa mkono wako. Angeweza kumtuma malaika amlee huyo mtoto. Hakufanya hivyo. Alimwondoa Hajiri umbali wa mshale akamrudisha kichakani.

Ndipo akamfungua macho akaona kisima. Kisima hakikuchimbwa dakika hiyo. Kilikuwepo. Machozi yalikuwa yamekificha. Na kwetu visima viko, wapendwa. Kuna madaktari na washauri wa akili katika Hospitali ya Rufaa ya Kisii. Kuna afisa wa watoto katika kila kaunti ndogo, na kazi yake si kumfunga mzazi, ni kusaidia. Kuna simu ya watoto, nambari 116, haina malipo, mzazi anaweza kupiga na kijana pia. Kama ni bangi ama pombe, kabla ya kulipa kituo chochote cha kurekebisha tabia, uliza kama kimeidhinishwa na NACADA. Kuna mjomba, kuna shangazi, kuna yule mwalimu mmoja ambaye kijana wako humheshimu. Mpeleke huko, lakini uende naye.

Na mtu akija na kambi yake, muulize haya mbele ya mashahidi. Naweza kuja saa yoyote bila kukuambia? Naweza kuongea na mtoto tukiwa wawili tu? Nani ana cheti cha uuguzi hapo? Mtoto akiugua usiku mnamfikisha hospitali gani, na kwa gari gani? Nani amewapa leseni? Anaruhusiwa kutumia dawa zake? Akisita kwa moja tu, chukua mtoto wako urudi nyumbani. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma, kuachwa bila matunzo, na adhabu za kikatili. Haisemi isipokuwa mtoto mkaidi.

MSIMAMO WA KANISA LETU

Wazee wa kanisa tumekaa juu ya jambo hili. Kulikuwa na pendekezo kwamba vijana walioshindikana wapelekwe mlimani kwa maombi ya kufunga siku nyingi likizo hii. Waliolileta ni watu wema na wana mzigo. Lakini tumekataa. Katika kanisa hili hakuna mtoto wa chini ya miaka 18 atakayefungishwa kwa kulazimishwa. Hakuna atakayelala mahali ambapo mzazi wake hawezi kufika kwa boda boda. Kambi yetu ya vijana ya Agosti itafanyika hapa kanisani, milango wazi, watu wazima wawili au zaidi kila mahali, muuguzi mmoja wa washirika wetu akiwepo, na mzazi akitaka kuja saa nane usiku kuangalia mtoto wake, tutamfungulia.

Na ukisikia mtoto wa jirani amepelekwa mahali usipopaelewa, usiseme si wangu. Uliza. Mwambie chifu. Mwambie afisa wa watoto. Shakahola ilikua kwa sababu wengi walisikia kidogo kidogo na wakanyamaza.

Baba yule wa Luka 15 hakumpeleka mwanawe nchi ya mbali, kijana alijiendea. Na hata hivyo baba alimwona akiwa bado mbali. Huwezi kumwona mtu akiwa mbali kama huangalii njia. Ndugu yangu, dada yangu, kama kijana wako ameshatoka, angalia njia. Kama yuko ndani amefunga mlango wa chumba, gonga. Ukae naye hata kama haongei. Ishmaeli alikua, Biblia inasema, Mungu akiwa pamoja naye. Akawa mpiga upinde hodari, na mama yake alikuwepo siku ya kumtafutia mke. Yule aliyelazwa chini ya kichaka afe alikuja kuwa baba wa taifa.

MAOMBI

Baba, unawaona vijana wetu wa Kisii na Nyamira, walio shuleni na waliofukuzwa, walio nyumbani na walio gizani. Sikia sauti yao hata pale sisi tumekaa mbali. Utusamehe kwa kuchoka. Tupe nguvu ya kuinuka, tupe mkono wa kushika, tufungue macho tuone kisima. Watoto waliofungwa mahali tusipopajua leo, wafichue, watoe wakiwa hai. Katika jina la Yesu. Amina.

YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Hajiri alikaa umbali wa mshale. Sisi wazazi hukaa mbali na vijana wetu kwa njia zipi, hata tukiwa nyumba moja?
2. Soma Waefeso 6:4. Taja adhabu moja inayomjenga kijana na moja inayomchokoza. Waulizeni vijana waliopo wajibu kwanza.
3. Ni mtoto gani katika kijiji chenu ambaye hamjamwona kwa muda? Nani ataenda kuuliza wiki hii?
4. Kila nyumba iandike nambari 116 mahali watoto wanaweza kuiona.

Andiko la kukariri: Mwanzo 21:18